Gari Lililooshwa Jioni

Nikiwaambia watu wa hapa Morogoro kwamba nimewahi kukwangua barafu kwenye gari langu mwenyewe, tena katika bara hili hili la Afrika, wananitazama kwa huruma. Wanadhani ni yale maneno ya mtu aliyekaa nje akarudi na chumvi nyingi. Jirani yangu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliniuliza kwa upole kabisa kama barafu yenyewe haikuwa imetoka kwenye friji. Nikamjibu kwamba ilitoka angani. Akatikisa kichwa, akabadilisha mazungumzo, tukaongea habari za saruji.

Basi naandika ili asiyeamini asome.

Na mtu wa kuandika habari za barafu ni mimi, si mwingine. Niliondoka nyumbani na begi moja ambalo zipu yake ilikuwa imekufa. Johannesburg nilianza kwa kufagia sakafu ya bucha, nikapanda cheo nikawa wa kubeba spana za fundi aliyekuja kutengeneza chumba cha baridi, nikaona kumbe kazi yenyewe naiweza kuliko yeye. Nikaingia darasani jioni, mchana nikifanya kazi, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Sikupewa na mjomba wala sikuandikiwa barua na mheshimiwa. Diploma hiyo sasa iko sebuleni kwangu, imetazamana na mlango, kwa hiyo mgeni yeyote akiingia anasalimiana nayo kabla yangu. Watu husema najisifu. Mimi najibu kwamba najitambulisha.

Tulikuwa tunaishi Kensington, upande unaoteremkia bondeni, mimi, mke wangu na watoto. Nyumba ilikuwa na uwanja mdogo mbele, na gari lililala hapo nje, juu yake anga tupu. Joburg iko juu sana, na mwezi wa sita na wa saba hewa yake huwa kavu kama karatasi. Mchana jua linawaka vizuri tu, unavua koti. Likizama, joto lote la ardhini linapanda angani na kupotea, kwa sababu hakuna wingu la kulizuia. Alfajiri unakuta nyasi nyeupe na bomba la bustani gumu kama fimbo. Ubaridi huo unashukia zaidi mabondeni, na sisi tulikuwa bondeni.

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa ananyoa nywele Bertrams, mtaa wa jirani. Kijana mzuri, mpole, mkono mwepesi kwenye wembe. Alikuwa amempenda binti mmoja wa Soweto, na binti naye alimpenda, hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa malume, yaani mjomba wa binti, kaka wa mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti katika nyumba ile. Kwa muda mrefu malume alikuwa hataki kusikia habari za mgeni. Alisema wageni wanaoa, wanazalisha, halafu wanapotelea kwao. Binti alilia, mama yake akabembeleza, shangazi zake wakasema maneno, na mwishowe malume akakubali kutupokea mara moja tu, tupeleke posa, atusikilize.

Kwa desturi yao wajumbe wa posa hufika alfajiri. Mnasimama nje ya geti kabla jua halijachomoza, mnaita kwa sauti majina ya sifa ya ukoo wa binti, na mnangoja mpaka mwenye nyumba apende kuwafungulia. Mkichelewa, mmewadharau. Na malume alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa binti: wakinidharau kidogo tu, wasirudi.

Mwoaji mwenyewe haendi. Anabaki nyumbani anaungua. Wajumbe tulikuwa wawili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa kaka mkubwa na mwenye elimu, na mzee mmoja fundi cherehani wa Troyeville, mtu wa Bukavu, Kongo, aliyekaa Joburg miaka mingi na kuongea Kizulu kama amezaliwa nacho. Sisi wote tulimwita Papa. Alikuwa mtu wa maneno, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani, na hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Injinia, kwa namna ambayo hujui kama umeheshimiwa.

Sasa, mdogo wangu alitaka gari liwe safi. Na hapa ndipo utaona mtu wa kwetu ni mtu wa kwetu, umpeleke popote. Kwetu huendi ukweni na gari lenye vumbi. Gari linaoshwa jioni ya kuamkia safari, linaoshwa mpaka tairi, ili asubuhi uingie tu na kuondoka ukiwa umenyooka. Siku ile mimi nilikuwa kazini, kuna duka kubwa chumba chao cha samaki kilikuwa kimegoma. Mdogo wangu akaja jua likiwa linazama, akachukua bomba, akaliosha gari juu na chini, akamwagia maji kwenye milango iliyo wazi ili atoe mchanga kwenye mipira yake, akafunga, akapaka tairi rangi nyeusi. Blanketi za zawadi na vinywaji vya wazee akavipanga kwenye buti. Akafunga na buti, nayo ikiwa inatiririka.

Niliporudi, gari la kazini likanishusha getini, nikapita haraka kuingia ndani kwa sababu ya baridi. Mke wangu akaniambia mezani, "Mdogo wako ameosha gari, unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu."

Nikasema, "Safi."

Mke wangu hupenda sana kuwasimulia wageni neno hilo. Anasema mwenye diploma ya baridi aliambiwa kuna gari limelowa nje, mwezi wa saba, akajibu safi. Mimi huwaambia wageni kwamba nilikuwa nimetoka kazini na kwamba gari si jokofu.

Asubuhi, bado giza, Papa alifika kwa miguu kutoka Troyeville akiwa ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, ya rangi ya kijivu, suruali imepigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate. Mdogo wangu alikuwa amelala kwetu, kama usingizi aliupata. Tukatoka nje wote, mke wangu nyuma yetu na kanga juu ya gauni la kulalia na koti langu juu ya kanga.

Gari halikuonekana. Nasema ukweli. Kulikuwa na kitu cheupe chenye umbo la gari.

Papa akalizunguka polepole. Akaligonga paa kwa kidole, likalia kama sahani. "Injinia," akasema, "hii kintu iko keki."

Nikabonyeza rimoti. Ndani kukalia klak, milango yote ikafunguka makufuli yake. Nikavuta mlango. Haukusogea. Nikavuta wa nyuma. Vilevile. Mdogo wangu akakimbilia buti, akavuta kwa mikono miwili, mguu umekanyaga bampa, nikampigia kelele.

"Acha! Utabaki na kishikio mkononi!"

"Kaka, zawadi ziko humo!"

"Najua ziko wapi."

"Kaka, jua!"

Upande wa mashariki palikuwa bado peusi, lakini weusi ule ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu. Kutoka kwetu mpaka Soweto si karibu. Kuita gari la kukodi kwa simu tungeweza, lakini tungefika mikono mitupu mbele ya mtu aliyekuwa anatafuta sababu. Mdogo wangu alijua hilo. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Mke wangu akaingia ndani, akatoka na sufuria kubwa ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya chai, mvuke ukimfunika uso. Papa akampokea kwa furaha. "Voilà! Mama njo iko na akili." Akaelekea kioo cha mbele.

Nikaruka mbele ya gari, nikatanua mikono kama kipa wa penalti.

"Papa, usimwage! Kioo kitapasuka!"

"Maji? Maji ipasue kioo?"

"Kioo kiko baridi mno. Ukikipiga na maji yanayochemka, upande mmoja unatanuka, mwingine bado umejikunja, kinachanika kuanzia pembeni mpaka katikati. Nimesoma hii kitu."

"Kwetu Bukavu tunamwagiaka maji ya moto kila kintu."

"Bukavu hakuna barafu."

"Njo maana," akasema Papa. "Sababu ya ile maji."

Mke wangu akacheka mpaka sufuria ikataka kumwagika. Nikaichukua, nikaiweka chini mbali na Papa.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa ameshapotelea jikoni na simu yake mkononi. Akarudi na pakiti ya chumvi, kitunguu kilichokatwa katikati, na nusu ya kiazi. Ameona kwenye mtandao, akasema. Chumvi nikamnyang'anya papo hapo, kwa sababu chumvi inakula rangi ya gari na mimi nilikuwa bado nalipenda. Kitunguu akawahi kukipaka kwenye kioo, kwa bidii, kama mtu anayemsugua mtoto mgongo. Kikapita juu ya barafu kikiteleza. Mwishoni tulikuwa na barafu ile ile, isipokuwa sasa ilinuka kachumbari.

"Ongeza nyanya," mke wangu akamwambia.

Ikabidi nishike uongozi. Nikawaambia, milango kwanza. Mpira wa mlango umegandana na bati, na mpira ukiuvuta unachanika. Hauvutwi, unasukumwa. Unauegemea mlango kwa uzito wa mwili, unaukandamiza ndani, barafu iliyo katikati inavunjika, halafu ndipo unaufungua.

"Tufungue kwa kusukuma," Papa akarudia.

"Ndiyo."

"Ndiyo diploma ilisema?"

"Papa, egemea."

Basi tukaegemea, wanaume watatu, wawili tumevaa suti, mabega kwenye gari, tunalisukuma ubavuni alfajiri. Mama mmoja mzee wa mtaa ule alikuwa anapita na mbwa wake aliyevishwa sweta. Akasimama, akatuuliza kwa Kiingereza kama betri imekufa. Nikamjibu kwamba betri ni nzima. Akatutazama tunavyolisukuma gari kuelekea ukutani, akamvuta mbwa wake, akaongeza mwendo.

Kisha ikasikika: kraa. Mlango wa dereva ukaachia. Mdogo wangu nusura anibusu. Wa Papa nao ukafuata, na buti tukaipiga piga kwa viganja kuzunguka ukingo wake mpaka nayo ikakubali. Zawadi zilikuwa salama.

Nikawasha gari, nikapuliza hewa kuelekea kioo, ikawa baridi tu maana injini haijapata moto, na muda wa kuingoja hatukuwa nao. Draya ya nywele, ambayo mke wangu anaitumia kazini, ilikuwa saluni. Nikaomba vitu vitatu: chupa yake ya kupulizia maji ya nywele, kizoleo cha plastiki cha jikoni, na ile spiriti ya zambarau iliyokuwa chini ya sinki, ya kufutia vioo vya madirisha. Nikamimina spiriti nyingi na maji kidogo kwenye chupa, nikatikisa, nikaanza kupuliza kutoka juu kwenda chini.

Spiriti haigandi kwa baridi ndogo kama ile. Ikikutana na barafu inaidanganya nayo isahau kuganda. Ile nyeupe ikawa kijivu, kisha ikawa ujiuji, kisha nikapitisha ukingo wa kizoleo na kioo kikatokea, cheusi, kinang'aa. Papa alinyamaza. Kwa wanaomjua Papa, hiyo ni shahada ya pili.

"Umeona?" nikamwambia.

"Minaona," akasema. "Lakini inanuka."

Nilisafisha upande wangu wote na nusu ya upande wake, nikamwambia iliyobaki tutaimalizia njiani. Mdogo wangu akatufungulia geti. Alisimama pale na kile kipande cha kitunguu bado mkononi, akasema tu, "Kaka, tafadhali." Nikamwambia aingie ndani akanywe chai.

Njiani kukazuka jambo ambalo sikulipanga. Pumzi zetu wawili, na Papa ni mtu wa pumzi nyingi kwa sababu ya maneno mengi, zikaanza kuganda kwenye kioo kwa ndani. Kila tukifika robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, ikiwa nyekundu Papa anapuliza spiriti kidogo ndani, anafuta kwa kofia yake ya sufu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kichwa chake. Nilitaka kusema kitu, nikaona nihifadhi amani ya ujumbe.

Baada ya robot kadhaa aliiweka chupa katikati ya mapaja yake. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Tulikuwa tayari tumeuacha mji nyuma yetu aliposhtuka.

"Injinia."

"Nini tena?"

"Suruali inakunywa."

Nikatazama kwa jicho moja. Chupa ilikuwa imemwagika karibu yote. Suruali ile ya kijivu, yenye mstari wa kukata mkate, ilikuwa na ramani ya ziwa kutoka paja hadi goti.

"Itakauka," nikasema. "Spiriti inakauka upesi sana. Ni sayansi."

Ilikauka kweli. Harufu ndiyo ilibaki.

Tulifika Soweto mwanga ukiwa umegusa mabati ya nyumba, lakini jua lenyewe bado halijachomoza. Nikaona tumewahi kwa unywele. Tukasimama getini. Papa akajiweka sawa, akafunga kifungo cha koti, akaita majina ya sifa ya ukoo ule moja baada ya jingine, kwa sauti iliyojaa, na nakiri kwamba mwili ulinisisimka. Alikuwa akiita kama mtu anayewaamsha mababu wenyewe. Pazia likasogea. Pazia lingine likasogea. Tukangoja, kama desturi inavyotaka, vidole vya miguu vikiwa vimekufa ndani ya viatu.

Malume akatoka akiwa amejifunga blanketi mabegani, mzee mrefu, hana haraka. Akaja mpaka getini. Papa akainama kidogo, akaanza salamu. Malume akainua mkono. Akavuta hewa puani. Akamsogelea Papa, akavuta tena. Kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza Papa.

"Anasema asubuhi njema."

"Yote ile ni asubuhi njema?"

Papa akaitazama suruali yake. "Anauliza kama tumelala kilabuni."

Ninapaswa kueleza. Kule ile spiriti ya zambarau kuna watu huinywa, watu waliokwisha kabisa, wanaolala kando ya barabara. Kunuka bia mbele ya wakwe ni aibu. Kunuka spiriti alfajiri, ukiwa umebeba posa, hilo halina jina. Malume alikuwa amepata sababu yake, tena nzuri kuliko alivyoiota. Akasema turudi tulikotoka, na kwamba watu wa aina yetu ndio aliokuwa akiwakataa siku zote. Papa alinitafsiria hivyo huku akitazama viatu vyake. Mkono wa malume ulikuwa kwenye komeo.

Nikaingiwa na picha ya mdogo wangu amesimama pale getini Kensington.

Nikaangalia ndani ya uwanja. Pikapu ya malume ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba, nyeupe yote kama lile gari langu alfajiri, na juu ya bonneti yake palikuwa na birika kubwa linalotoa mvuke. Yaani alikuwa anajiandaa kulimimina.

"Papa, mwambie asimwage yale maji."

"Injinia, tunafukuzwa."

"Mwambie! Kioo chake kitapasuka. Mwambie hiki tunachonuka ndicho tulichosafishia kioo chetu. Mwambie aniruhusu niingie peke yangu, nimsafishie pikapu yake, kisha aniangalie kama mikono inatetemeka. Mlevi mikono hutetemeka."

Papa akasema. Akasema kwa kirefu, kwa mikono, akaonyesha suruali, akaonyesha kofia, akaonyesha kioo cha gari letu kilichokuwa kimesafishwa upande mmoja na nusu. Alisema na mengine ambayo sikuyaelewa, lakini nilisikia neno "injinia" zaidi ya mara moja, na safari hii lilitamkwa vizuri.

Malume akanitazama kuanzia kichwani. Akasema neno moja.

"Ingia," Papa akatafsiri. "Weye. Mimi ningoje hapa na harufu yangu."

Nikaingia. Chupa yangu ilikuwa tupu, na kuomba spiriti katika nyumba ile wakati ule isingekuwa busara. Shangazi wawili walikuwa wametokeza mlangoni, mikono wameifunga kifuani. Nikawaamkia, nikawaomba kwa Kizulu changu cha kuokoteza: mifuko miwili migumu ya plastiki ya kuwekea nyama kwenye friji, maji ya baridi na taulo. Wakatazamana. Mmoja akaleta.

Nikamimina maji ya baridi kwenye mfuko, nikaongeza ya birika kidogo kidogo, nikijaribu kwa kifundo cha mkono kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto, mpaka yakawa vuguvugu tu. Nikaufunga mfuko fundo, nikauingiza ndani ya mwingine, nikaufunga tena. Kisha nikaulaza juu ya kioo cha pikapu na kuupitisha polepole, huku na huku, kama mtu anayepiga pasi shati. Joto linapita kwenye plastiki, barafu inayeyuka, lakini kioo hakishtuki wala hakilowi na maji mengine ya kuganda. Nyuma ya mfuko, taulo. Njia nyeusi ikafunguka kwenye kile cheupe, pana kama kiganja, kisha ikawa pana kama dirisha.

Mke wangu akisikia sehemu hii huuliza kwa nini sikufanya hivyo nyumbani, wakati sufuria ya maji alinipa yeye mwenyewe. Wazo lilinijia pale.

Shangazi mmoja alishuka ngazi kuja kuona. Wa pili akafuata. Malume akajisogeza, blanketi likiburuza. Hakuangalia kioo, aliangalia mikono yangu. Mikono, nashukuru, ilikuwa imetulia kama inavyotulia ninapochomea bomba la gesi. Alipoona nimefika upande wa abiria, akanyoosha mkono, akauchukua ule mfuko kutoka kwangu bila kuomba, akaujaribu. Akapiga pasi mara moja. Akapiga mara ya pili. Kwenye uso wake mrefu kukatokea kitu, nadhani ni starehe, kwa sababu mfuko ulikuwa na joto na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Akasema kitu bila kugeuka. Shangazi wakaangua kicheko.

Nikamtazama Papa kule nje ya geti. "Anasema nini?"

"Anasema kama huyu ni mlevi, basi wamuletee walevi zaidi."

Malume akamaliza kioo chote yeye mwenyewe. Akafuta na vioo vya pembeni, ambavyo mimi sikuvigusa. Kisha akaenda getini kwa mwendo ule ule usio na haraka, akafungua komeo, akasimama pembeni. Papa akapita mbele yake amebana mapaja kama mtu aliyebanwa na haja, na malume alipomnusa tena, safari hii alinusa kwa makusudi, ili shangazi wacheke. Walicheka.

Yaliyosemwa ndani ni ya ndani. Niseme tu kwamba tuliketi chini ya dirisha lililofunguliwa, kwa ajili ya Papa. Kwamba blanketi zilipokewa na kupapaswa. Kwamba niliulizwa habari za ukoo wetu, za kwetu, za kama kijana ana tabia ya kupotea, na nikajibu kila swali, na mengine nikajibu kabla hayajaulizwa. Malume alinihoji kwa muda mrefu kuliko mwajiri yeyote. Mwishowe akatazamana na dada yake, mama wa binti. Yule mama akainamisha kichwa mara moja. Malume akaagiza chai.

Simu yangu ilikuwa imetetemeka mfukoni asubuhi nzima. Nikaomba ruhusa, nikaipokea. Mdogo wangu hakusalimia.

"Kaka, wamesema nini?"

Baada ya asubuhi kama ile, mtu ana haki ya kujifurahisha kidogo. Nikashusha sauti, nikaifanya nzito.

"Mdogo wangu," nikasema, "kaa chini kwanza."

"Kaka!"

"Umekaa?"

"Nimekaa. Kaka, sema. Wamewafukuza?"

"Kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kuhusu kuosha gari mwezi wa saba."

Nilitaka kuendelea, somo lilikuwa refu na nilikuwa nimelipanga vizuri kichwani. Lakini yule shangazi aliyekuwa wa kwanza kushuka ngazi aliona ninavyotabasamu kwenye simu, akaelewa niko na nani na ninamfanyia nini. Akainuka, akaniinamia begani, akapiga kigelegele ndani ya simu. Wenzake wakadakia kutoka jikoni, sebule ikajaa. Kisha, kutoka mbali, kutoka Kensington, nikasikia mke wangu akijibu kwa kigelegele chake.